Fundo la Nne

Rafiki yangu Mbuke hakuwa mtu wa ndoto. Alilala kama gogo. Lakini mwaka 1951 shimo la dhahabu huko Geita lilimfukia mumewe Pantaleo, aliyetumia mkono wa kushoto, na mwili haukuonekana. Mashemeji walitaka Mbuke anyolewe kichwa kama mjane. Yeye hakutaka kumnyolea mtu aliye hai.

Bibi yake akamfundisha kumtafuta mumewe ndotoni. "Ukiamka usijigeuze. Isimulie ndoto kabla hujamsalimu mtu. Na funga uzi mkononi, mafundo matatu, uyahesabu kila ukienda kisimani. Siku yakikataa kuwa matatu, jua umelala. Hapo uliza."

"Watasema nimerogwa, bibi."

"Wamekusema kwa madogo kuliko hayo."

Alihesabu mwezi mzima. Mchana mmoja, amejilaza baada ya kupalilia, akajikuta gizani. Maji yalidondoka, nyundo iligonga mbali. Akapapasa uzi: mafundo mawili.

"Baba Generosa," akamwita mumewe kwa jina la binti yao, "uko hai?"

Nyundo ikanyamaza. Vidole vya baridi vikamshika mkono.

Aliamka, akasimulia, akabeba mtungi. Kisimani akahesabu mbele yangu. Mafundo yalikuwa manne, na la nne lilikuwa limefungwa kishoto.