Mkaguzi wa Treni Alipopanda Basi

Asubuhi ile treni iligoma kuondoka stesheni, na abiria wake wakahamishiwa kituo cha mabasi, kila mtu na mzigo wake na hasira zake. Aliyewaongoza alikuwa mkaguzi wa tiketi za treni, kijana mrefu, sare imepigwa pasi ikakubali, kofia kaibana kwapani. Alipenya umati hadi dirishani kwa mkatisha tiketi wa basi, binti wa blauzi ya njano na hereni kubwa, aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Dada, naomba siti kwa watu hawa. Zote ulizonazo."

"Heee! Leo treni imekuja kuomba kwa basi?"

"Haijafa. Imepumzika tu."

"Ipumzike salama. Poleni sana wafiwa."

Abiria waliangua kicheko, na mkaguzi mwenyewe akashindwa kujizuia. Basi la mwisho lilipoondoka na watu wake, yeye alikuwa bado ameegemea lile dirisha, na namba ya simu ya binti ilikuwa tayari mfukoni mwake.

Penzi likanoga kwa ubishi. Kila jioni simu iliita, na kila jioni wakaanzia walipoishia jana.

"Kwenye treni mtu ananyoosha miguu," mkaguzi alisema. "Akibanwa, msala upo. Akichoka kukaa, anatembea behewa hadi behewa. Kwenye basi lako, bega la jirani ndilo mto."

"Na treni yako inamtupa mtu nje ya mji, atafute gari jingine la kumfikisha kwao. Basi langu linamshusha jirani na mlango wa mama yake. Halafu likikuacha, linakuja lingine. Treni ikikuacha, kalale, urudi kesho, kipenzi."

"Kipenzi gani anasemwa hivi?"

"Kipenzi changu. Una lingine?"

Hakuwa na lingine. Alikuwa amekwisha, na alijua.

Shida ilikuja pale baba wa binti, dereva mstaafu wa mabasi ya masafa aliyeishi mji mwingine, alipotaka kumwona huyo kijana. "Mlete Jumamosi," alisema. "Asipofika, usinitajie habari zake tena." Mzee hakuwa na mazoea ya kurudia neno. Binti akatangulia nyumbani kumsaidia mama yake maandalizi, akampigia mpenzi wake kwa furaha.

"Nimekuwekea siti ya mbele kabisa, mpenzi. Basi la asubuhi."

"Nitakuja na treni," mkaguzi alisema. "Basi siliwezi."

"Huliwezi? Mimi nimelelewa kwa usukani wa basi! Mpaka leo nakula kwa basi! Au unaona haya kushuka kituoni mbele ya wakwe?"

"Sivyo, mpenzi."

"Ni vipi, basi?"

Ukweli ulikuwa mdogo, na ulimtia aibu. Tangu utotoni, basi likishakunja kona mbili tatu, tumbo lake hupanda hadi kooni. Mwanamume wa sare ndivyo alivyo: treni nzima inamtii kwa filimbi moja, lakini kumwambia mwanamke ampendaye kwamba anatapika kwenye basi, hathubutu.

"Napenda treni tu," alijibu.

"Basi kaioe hiyo treni! Usije kabisa!" Simu ikakatwa.

Usiku ule binti alilia, ila asubuhi ya Jumamosi moyo ulikuwa umelegea. Alimpenda, na alitaka baba yake ampende. Akavaa gauni la kijani lililombana kiunoni, akaenda stesheni ya treni kumpokea. Treni ikaingia. Watu wakashuka, wakakumbatiana, wakaondoka. Akabaki yeye na mfagiaji, na hofu kwamba lile neno lake, usije kabisa, lilikuwa limesikilizwa. Akapiga simu. Iliita sana ndipo ikapokewa.

"Haloo?" Haikuwa sauti ya mpenzi wake. Ilikuwa ya kondakta wa basi la kampuni yao.

"Wewe! Simu hiyo umeipata wapi?"

"Ni wewe, dada? Afadhali! Mwenye simu yuko siti ya mbele, hawezi kuongea, kainamia mfuko. Hii mifuko yenyewe inatuishia! Tunamwambia ashuke apumzike, anakataa. Eti anasubiriwa na mkwe."

Binti alicheka huku machozi yanamtoka. Akampigia baba yake, akamweleza yote, kisha akakodi gari hadi kituo cha mabasi. Mzee alikuwa amemtangulia, amesimama na koti lake mwilini.

Basi lilipofunga breki, mkaguzi alishuka akiwa ameng'ang'ania chuma cha mlangoni. Shati lake jeupe halikutazamika.

"Mbona hukuniambia?" binti alimuuliza, akimshika.

"Ningeanzaje? Halafu ukadhani nakudharau. Nikaona heri nitapike kuliko uamini hivyo."

Kisha akamwona mzee. "Shikamoo, mzee," alisema bila kuweza kuinua kichwa.

"Marahaba. Kaa hapo, uvute pumzi polepole. Nimebeba wengi wa aina yako. Wote waliapa hawarudii tena. Wewe je?"

"Hata mimi naapa, mzee. Lakini yeye akiwa huku, nitarudia."

Mzee akavua koti lake, akamvika juu ya lile shati. "Twende nyumbani," alisema. "Mama mkwe wako amepika, ingawa sidhani kama leo utakula."

Binti alisikia neno mkwe kutoka kinywani mwa baba yake. Mkaguzi naye alilisikia. Akamshika mkono.

"Utakubali nikuoe, hata nikiwa hivi?"

"Nimeshakubali," alijibu, akimfuta uso kwa upande wa mtandio wake. "Lakini siku ya harusi, mpenzi, tutakwenda kwa miguu."