Ua Juu ya Jina la Gesare

Kofi. Hiyo ndiyo sauti aliyoisikia Mokeira alipoupiga muhuri mpya kwa mara ya kwanza, sauti ya kiganja juu ya shavu, si ile ya kawaida ya mpira kugonga kadi. Aliinua mkono, akatazama chini ya meza, akatazama mlangoni. Hakuna aliyekuwa amepigwa. Ua lilikuwa limetua sawasawa juu ya jina la bintiye, na wino ulikuwa wa kijani kama alivyotaka.

"Umesikia, Mama Jigar?"

"Nini?" Jayshree alikuwa nyuma ya kaunta akipanga bahasha.

"Kama mtu amezabwa."

"Ni huko nje. Hii Kisii watu napigana kila siku, wewe umesahau?"

Wakacheka. Mwenyezi Mungu huwapa watu nafasi ya kuogopa mapema, nao huitumia kucheka.

Duka lile la Jayshree na mumewe Bharat liliuza karatasi, kalamu na kadi, na kadi zake zilisifika mpaka Ogembo. Hazikupigwa chapa kwa mashine. Jina liliandikwa kwa mkono, kisha Mokeira akalipamba kwa muhuri, na kazi hiyo aliifanya tangu mwanawe wa kwanza akinyonya. Mihuri yake ilikuwa ya mpira, imegundishwa kwenye vipande vya mbao, na mpira haubembelezwi. Unauweka, halafu unaushindilia ngumi mpaka wino ukubali. Upande wa ngumi ya Mokeira ulikuwa mgumu kama kisigino.

Ubaya wa mpira ni kwamba ukishauweka huoni chini. Ule ubao unaficha kila kitu, unabahatisha tu, na mara nyingi ua linakwenda upande au linalikalia jina la bwana harusi. Basi Swati, dada yake Jayshree aliyeolewa Uingereza, alipotuma mihuri ya aina mpya, laini, inayoonekana ndani kama maji, ubishi ulianza. Jayshree alisema hii ndiyo yenyewe, unaona jina, unaona ua, unaweka pale pale. Mokeira alisema kitu kinachotetemeka kama mafuta ya ng'ombe si chombo cha kazi, mpira umelisha watoto wake na umewasomesha. Walibishana wiki nzima huku wakinywa chai kwenye birika moja.

Aliyemaliza ubishi ni Gesare. Alikuwa anaolewa, na Mokeira alitaka ua limkumbatie binti yake jina, lisikose hata kidogo. Akachagua wa maji. Alipokuwa akiukata kutoka kwenye karatasi yake mkasi uliteleza, jani moja la lile ua likakatika ncha, lakini nani angeona?

Tatizo ni kwamba muhuri wa namna ile hunata kwenye kipande kingine kisicho na rangi, ndicho unachokishika, na Swati hakukituma. Bharat akasema subirini. Alikuwa ametoka Nyansiongo, kwenye nyumba ya mlowezi mzungu wa zamani iliyokuwa ikibomolewa, alikokwenda kununua mbao. Kwenye vifusi vya ofisi aliokota bonge la kioo, bapa juu na chini, zito la kujaa kiganja. Muhuri ulipogusa kioo kile ulinata kama ulikuwa ukikitafuta.

"Sasa pole pole," Jayshree alimwonya. "Hii hapana mpira. Unagusa tu, kama unagusa mtoto."

Mokeira alijaribu. Lakini mkono una mazoea yake. Kila kadi aliianza kwa upole na kuimalizia kwa ngumi, na kila ngumi ilitoa sauti ile ile ya nyama, na kufikia alasiri harufu ya buchari ilikuwa imejaa dukani, harufu ya damu iliyokaa juani, hata Bharat asiyekula nyama maisha yake yote akatoka nje kutapika.

Kesho yake, Ijumaa mchana, Nyakundi, mwanawe wa kwanza, aliingia dukani miguu yake imejaa matope. Ule ndio mwaka wa mvua za El Niño na barabara ya kwao Kebirigo ilikuwa haitamaniki.

"Mathe, kuja nyumbani. Gesare amepigwa."

"Na nani?"

"Anasema hajui. Alikuwa anachuma chai, akaanguka. Mgongo hauangaliki, mathe. Lakini tumeshamshika Ondieki."

Ondieki ndiye bwana harusi. Mokeira aliuweka muhuri chini. "Mmemfanya nini mtoto wa watu?"

"Tumemvunja mguu." Nyakundi alitazama pembeni. "Anaapa kwa Nyasae hakumgusa. Lakini kama si yeye, ni nani?"

Mokeira aliacha kadi mezani, akavua aproni, akaenda. Jayshree alimwambia asiwe na wasiwasi wa kazi, zilizobaki atazimaliza yeye mwenyewe, ni zawadi yake kwa bibi harusi.

Alifika usiku, Gesare amelala. Sabato ilipofika, Jumamosi, majirani Waadventista walikwenda kanisani na boma likawa kimya. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na migomba ilikuwa ikitoa mvuke. Gesare alikuwa amelala kifudifudi chumbani, na mama yake akamwondolea leso mgongoni ili amkande kwa maji ya moto. Kitambaa kikamtoka mkononi. Yale hayakuwa majeraha ya fimbo wala ya ngumi ya mwanamume. Yalikuwa maua. Petali tano, majani mawili, petali tano, majani mawili, yamevilia damu, yamepangana toka mabegani mpaka kiunoni, na kila jani la kulia lilikuwa limekatika ncha.

Mokeira alilitambua ua lake. Aliona aibu kabla ya kuona hofu, aibu ya mama aliyeshikwa na watu akimuumiza mwanawe.

"Mama, umeona nini?"

Kabla hajajibu, kofi lililia ndani ya chumba, mchana kweupe, na hakuna mkono uliokuwapo. Ngozi ya Gesare ilibonyea na ua jipya likachomoza chini ya bega, jekundu. Halafu jingine. Haya yalikuwa mepesi, ya mkono mwororo, na Mokeira alijua ni mkono wa nani, akaona akilini Jayshree ameketi dukani akiimba kidogo kidogo na kugonga kadi za zawadi. Kisha yakaanza kuwa mazito. Gesare alipiga yowe, akaumwa ulimi, damu ikachirizika kwenye mto, na kofi lililofuata lilivunja kitu ndani yake, ubavu, wote wawili wakausikia ukilia kama kuni kavu.

Mokeira alimwita Nyakundi akae na dada yake, akakimbia peku mpaka sokoni kwenye duka moja lililokuwa na simu na mwenyewe Mkatoliki, kwa hiyo lilikuwa wazi. Simu iliita mpaka akadhani hakuna mtu.

"Haloo," ilinong'ona sauti ya Jayshree.

"Mama Jigar, wacha kupiga! Wacha hiyo kazi, unaniulia mtoto!"

Ndani ya simu Mokeira alisikia kofi, kofi, kofi.

"Mimi nilimaliza kitambo," Jayshree alisema polepole, kama mtu asiyetaka kusikika na aliye karibu. "Mimi niko huku kwa mlango. Iko mezani peke yake. Napiga yenyewe."

"Ondoa kadi!"

"Bharat alijaribu kuondoa. Alichukua kioo kwa mkono, ikampiga mdomo, meno yote iko chini. Mama Gesare, kuna kitu ndani ya kioo. Nageuka kama samaki. Naangalia jina tu, jina ya mtoto wako, hapana angalia kitu ingine."

"Mama Jigar, nakuomba."

Jayshree alilia mara moja tu, kwa kifupi. "Na mimi ni mama," alisema, na simu ikaanguka chini, na Mokeira akasikia nyayo zikikimbia kuelekea mezani, kisha kishindo, kisha sauti ya mwanamke akipigwa na hataki kulia.

Nyuma yake, mtu alimgusa kiwiko. Alikuwa Drusilla, aliyekuwa amekuja kununua chumvi na kusikia maneno yote ya simu. Watu wa kanisa walimwita mchawi barabarani na kumgongea mlango wa nyuma wagonjwa walipowashinda.

"Kioo hicho kimetoka Nyansiongo?" aliuliza Drusilla. "Kwa nyumba ya mzungu?"

"Umejuaje?"

"Mama yangu alikamua ng'ombe pale. Kioo kina jini, mzungu alikinunua nalo huko mbali. Mzungu akikasirikia mfanyakazi, anaandika jina lake, anaweka kioo juu, anapiga ngumi. Asubuhi huyo mtu haamki. Watu wakakimbia wote, jini likakosa wa kupiga, likampiga mzungu mwenyewe mpaka akatolewa kwa blanketi. Nyinyi na mpira wenu mlikuwa salama, mpira hauoni. Sasa mmelifungulia dirisha."

"Gesare atakufa?"

"Likimaliza hiyo kazi, ndiyo. Haliwezi kuvunjwa hivi hivi, ukivunja kioo unamvunja yeye. Lazima lilipwe kwa mkono uliolilisha, livunjwe juu yake."

Mokeira hakuuliza ni mkono gani. Drusilla alichukua mchi wa kinu wa mwenye duka bila kuomba, wakasimamisha pikapu ya maziwa, wakaingia Kisii jua likiwa bado juu ya vilima.

Duka lilikuwa limepasuliwa. Rafu zilikuwa chini, wino umemwagika, na Bharat alikuwa ameketi ukutani ameshika taya lake lililokuwa limehama mahali pake. Jayshree alikuwa mezani. Alikuwa amelalia kadi zote kwa kifua, amezifunika jina kwa jina kwa mwili wake, mikono imeshika kingo za meza, na kile kioo kilikuwa kikipanda na kushuka juu ya mgongo wake, kikipanda na kushuka, na sari yake ilikuwa imechanika vipande na chini yake hapakuwa na maua tena, palikuwa na nyama tu, na bado hakuwa ameachia.

Kilipowaona kilitulia hewani. Ndani yake kitu cheusi kiligeuka, kikatafuta, kikamkuta Mokeira, na yeye akahisi kinamfahamu, kinamfurahia, kama mtu anayemwona mpishi wake akirudi na chakula.

"Weka mkono," alisema Drusilla.

Mokeira aliweka ngumi yake ya kulia mezani, ile ile ngumu. Kioo kilishuka juu yake kwa hiari kabisa. Drusilla aliinua mchi kwa mikono miwili na kupiga, na Mokeira akaona vidole vyake vikifunguka kama ndizi iliyokanyagwa, Drusilla akapiga tena, na kioo kikapiga yowe kwa sauti ya watu wengi, ya wanaume waliokufa wakiamshwa kazini, na chupa za wino zikaanza kuruka zenyewe na kuwapasukia usoni, na mlango ukajifunga, na Bharat akainuliwa na kutupwa kaunta hii mpaka ile, na Drusilla huku amepofuka kwa wino mweusi akaendelea kupiga mahali aliposikia mifupa, na Mokeira hakuuondoa mkono, alikuwa akilitaja jina la binti yake tu, Gesare, Gesare, mpaka kioo kikawa cheupe kama maziwa, kikapasuka, na vipande vyake vikazama ndani ya ngumi iliyosagika.

Harufu ya buchari ilikatika palepale. Huko Kebirigo, Nyakundi alisimulia baadaye, Gesare alivuta pumzi ndefu na kuomba maji.

Jayshree alipona, ingawa hakuweza tena kuketi bila mto mgongoni. Alimpigia Mokeira simu hospitalini na kumwambia mpira umeshinda ubishi, wakacheka kwa uchungu. Ondieki aliletwa kwa baiskeli, mguu kwenye plasta, akaombwa msamaha na ukoo mzima, naye akasema harusi ingoje miguu yote iwe sawa.

Ule mkono daktari alitaka kuukata. Hakuukata. Alipoufungua alishangaa, mifupa yote ilikuwa imeungana haraka kuliko ya mtoto, vidole vinakunjuka, hauumi hata kidogo, na vile vipande vya kioo havikuonekana tena. Mokeira alimshukuru Mungu kwa machozi na akapanda gari la kwenda nyumbani.

Alimkuta Gesare ameketi kitandani, amekonda lakini macho yake yana uhai. Tangu aumie hakuwa amesimama. Walitazamana kwa furaha ambayo hakuna aliyejua aianzie wapi. Kuku mmoja alikuwa ameingia, akaruka kitandani, na Mokeira akamsukuma pembeni kwa nyuma ya mkono ule, kidogo tu, kama unavyofukuza nzi.

Kuku aligonga ukuta wa mbali na kubaki pale. Kifua chake kilikuwa kimebonyea mpaka mgongoni.

"Mama, ni nini hicho?" Gesare alikuwa anatabasamu, hakuwa ameona. "Hebu nishike mkono nisimame. Nataka nitembee kwako kwanza."

Alinyoosha mikono yote miwili. Mokeira aliutazama mkono wake, akaupeleka nyuma ya mgongo taratibu, akarudi hatua moja, kisha nyingine, mpaka akagusa mlango.

"Nyakundi!" aliita. "Njoo umshike dada yako."

"Lakini ninakutaka wewe," alisema Gesare.