Ngazi Saba Sikukuu ya Maua

Kila siku akitoka shule, Zornitsa alimsukuma Bibi Nevena kwenye kiti chake cha magurudumu hadi dirishani, akamchemshia chai, ndipo akaenda kucheza mpira wa wavu. Tangu bibi akatwe mguu, mwaka mzima ulikuwa umepita bila yeye kula nje ya nyumba yao katika mji wa Plovdiv.

Jumapili ya Matawi ilipokaribia, bibi alichangamka. Hiyo ndiyo sikukuu ya wote wenye majina ya maua, kama yeye na Temenuga, shoga yake wa tangu utotoni. Kesho yake Temenuga angehamia Hispania kwa mwanawe, na kwa umri wao walijua hawataonana tena.

"Tutakula samaki mkahawani kama watu," bibi alisema. "Tuagane vizuri."

Mama alimpa Zornitsa futi ya kupimia. "Ingia ndani, mwanangu. Pima mlango, tazama ngazi, tazama na choo. Usiulize tu. Watu husema hakuna tabu, kumbe tabu tele!"

Lakini wenzake walikuwa wanamngoja uwanjani. Zornitsa alisimama nje ya mkahawa, akamwona mhudumu akifuta kioo kwa ndani, akapaza sauti, "Kiti cha magurudumu kinaingia?" Mhudumu akatikisa kichwa kushoto na kulia, na Plovdiv anayetikisa kichwa hivyo amekubali. Zornitsa akatimua mbio.

Jioni mama alipomuuliza, alijibu bila kupepesa macho, "Niliingia, mama. Nimepima. Kila kitu sawa."

Jumapili bibi alivaa gauni la buluu na kupaka rangi ya mdomo. Mlango wa mkahawa ulipofunguliwa, wakaona ngazi saba za mawe, nyembamba, zikishuka hadi chini ya ardhi. Huko chini Temenuga alikuwa ameshakaa mezani, anawapungia mkono.

"Lakini nilimwambia mtoto haiwezekani!" alisema mhudumu, Kamen. "Nilitikisa kichwa!"

"Kutikisa si ndiyo, kaka?" mama akamaka.

"Nisamehe, dada. Miaka ishirini nimefanya kazi Austria, kichwa kimeshakuwa cha kwao."

Wateja walicheka. Bibi hakucheka.

"Tutakubeba, mama," Kamen alimwambia bibi. "Tuko wanaume wanne."

"Mimi si gunia la viazi," bibi alijibu.

"Sasa mbona binti yangu aliingia, akapima?" mama aliuliza.

Kamen alimtazama Zornitsa. "Huyu? Hata mlango hakuuvuka."

Zornitsa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Temenuga akapanda ngazi polepole kwa sababu ya magoti yake mabovu. Mikahawa ya jirani ilikuwa imejaa wenye sikukuu. Basi vikongwe wale wawili wakagawana kipande cha mkate pale kando ya barabara, manyunyu yakiwalowesha.

"Usilie, shoga, rangi ya mdomo itachuruzika," Temenuga alisema, naye mwenyewe analia. Basi la saa nane likaja, akaondoka kwenda kufunga mizigo.

Usiku huo bibi hakula. Zornitsa alimpigia magoti. "Bibi, nilidanganya. Sikuingia."

"Nimeshajua," bibi alisema, akageukia ukutani.

Kwa wiki mbili Zornitsa aliacha mpira. Aliingia mkahawa baada ya mkahawa, futi mkononi. Kwingine waliapa hawana ngazi, kumbe ipo moja wasiyoihesabu. Kwingine mlango ulikuwa sentimita sitini, na kiti cha bibi ni sitini na sita. Mkahawa wa tisa, kando ya mto Maritsa, ulikuwa na sakafu tambarare, mlango mpana, na choo ambacho kiti kiliweza kugeuka ndani yake.

Walikwenda. Bibi alikula samaki mzima na kumsifu mpishi.

"Mnamngoja mtu?" mhudumu aliuliza, akionyesha kiti kitupu.

"Hapana," bibi alisema. "Alishaondoka."

Kisha akamshika Zornitsa mkono. "Umefanya kazi nzuri, mjukuu wangu, na nimekusamehe. Lakini sikia. Jioni ile ungesema 'sikuingia', ningekukasirikia mpaka asubuhi, basi, na tungetafuta pengine. Ukitumwa kuangalia, kaangalie kwa macho yako. Na kama hukwenda, sema hukwenda. Mlango umeupata, ahsante. Temenuga hutanipatia."

Zornitsa aliinama. Hakuweza kumaliza samaki wake.