MAFI LABAN: Sauti ya Marehemu Redioni

"Anza basi, Laban!"

Hiyo ilikuwa sauti yangu.

Lakini mimi nilikuwa nimefunga mdomo!

Ilikuwa Ijumaa mchana mwaka 2014, tuko kwenye basi tumetoka kanisani Mesaimeer, hapa Doha, ambako ibada huwa Ijumaa. Sauti yangu mwenyewe ilikuwa inatoka kwenye simu ya Cheryl, rafiki yangu tuliyekaa naye kiti kimoja.

Kikafuata kikohozi kidogo. Kisha gitaa.

Kisha Laban akaanza kuimba.

Jamani... Laban alikuwa ameshazikwa! Alizikwa kwao Butere, na mimi niliyaona mazishi yake kwa picha za simu, nimejifungia choo cha wafanyakazi hotelini ili supavaiza asinikute nalia.

"Cheryl, hiyo umetoa wapi?"

"Wee! Hujui hii? Ni ngoma mpya ya Trevo, iko moto Nairobi."

"Trevo ni nani?"

"Si yule msee wa... Mili, unaenda wapi?"

Nilikuwa nimeshasimama. Nilitaka basi lisimame nishuke, hata kama nje jua lilikuwa linachoma.

Laban alikuwa mtu wangu. Alikuwa sekyuriti kwenye jengo moja la ofisi, mimi nikisafisha vyumba vya hoteli pale Al Sadd. Mwaka 2012 tulifungua blogu ya muziki, tukaiita Ngoma za Ugenini. Ilikuwa ya walinzi, madereva na mayaya wa huku wanaotunga nyimbo zao na hawana pa kuzipeleka.

Nilikuwa mkali, msione hivi! Wimbo hauingii kwenye blogu yangu bila jina la mtunzi, tarehe, na stori ya jinsi ulivyotungwa. Wasanii walinicheka, eti nina maswali kama afisa wa uhamiaji. Matangazo ya saluni na ya mawakala wa mizigo yalilipa intaneti, na kilichobaki tuligawana na wenye nyimbo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kila kitu kiko kwenye neno moja.

Huku Ghuba, laban ni maziwa mgando. Yanauzwa kwenye chupa, kila bakala, yaani kila duka dogo la mtaani, wanayo. Na mafi maana yake ni hakuna. Hata Mkenya aliyeshuka jana uwanja wa ndege, neno la kwanza kujifunza ni mafi.

Siku moja tuliingia bakala pamoja. Nikamuuliza muuzaji kama ana laban.

"Mafi laban, sister. Mafi laban! Bukra!"

Hakuna Laban. Kesho!

Wacha mwanamume acheke! Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele.

"Mili, umeskia? Eti mimi ni hakuna!"

Kabla hatujafika kwangu alikuwa ameshatunga kiitikio:

*Mafi mama, mafi baba,*
*jua hili ni la wenyewe,*
*wakija kuniulizia mlangoni,*
*mafi Laban, mafi Laban...*

Tulirekodi kwa simu yake. Alikuwa anasitasita na kukohoa, nikamwambia, "Anza basi, Laban!" Aliponitumia, nilikata huo mwanzo wote kabla ya kuweka kwenye blogu, nikafuta ile nzima. Ile yenye sauti yangu ilibaki kwenye simu yake tu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo.

Watu waliupenda wimbo, wakaucheka, wakapigiana simu kuuimba.

Kisha asubuhi moja Laban hakuamka. Moyo, walisema. Mtu mzima, mwenye afya, aliyeniambia jana yake kwamba tutaenda Al Wakrah tukale samaki.

Tangu hapo hakuna aliyeucheka tena wimbo ule. Nilikuwa nikiingia bakala, muuzaji akimwambia mteja mwingine "mafi laban", naacha vitu vyangu kwenye kaunta natoka. Wapenzi wasomaji, hamjui maana ya kusumbuliwa na marehemu mpaka muuza maziwa awaambie kila siku kwamba mtu wenu hayupo.

Maiti na begi lake vilipokelewa Nairobi na kaka yake, Japheth. Nilimuuliza kitu kimoja tu.

"Shem, na simu ya Laban?"

"Simu haikufika, shemeji. Huko kwenu ndio waliiba. Pole sana."

Nikaamini. Wenzake wa chumbani nikawanunia, nikiona mmoja wao nabadilisha njia!

Kwa hiyo pale kwenye basi nilijua kitu ambacho Cheryl hakujua. Huyo Trevo hakuuchukua wimbo kwenye blogu yangu. Aliupata kwenye simu ya Laban.

Wiki iliyofuata Cheryl akaniambia Trevo anahojiwa redioni, na simu za wasikilizaji zimefunguliwa. Nikapiga nikiwa kwenye chumba cha mapumziko kazini, bado nimevaa glavu.

"Tuna msikilizaji kutoka Doha!" mtangazaji akapiga kelele. "Uliza swali lako, mrembo!"

"Trevo, hongera. Nataka kujua tu... Mafi ni nani?"

Akacheka kwa raha zake.

"Ah! Mafi ni demu wangu wa kitambo, msupa wa Malindi. Halafu huyu Laban ndio jamaa alininyang'anya. Ni stori ya ukweli kabisa, siste. Iliniuma."

Studio nzima ikasema "pole".

Mimi damu ilikuwa inachemka!

"Trevo, mafi ni Kiarabu cha huku. Maana yake hakuna. Na Laban ndiye huyo unayemsikia akiimba kiitikio. Alikufa. Hayuko Malindi wala hajamnyang'anya mtu demu."

Sikumpa nafasi ya kujibu.

"Na yule mwanamke wa mwanzo ni mimi. Niseme tena, usikie kama ni sauti nyingine?"

Nikavuta pumzi.

"Anza basi, Laban!"

Wakaweka tangazo la sabuni.

Kuanzia hapo blogu ilijaa. Watu wa Doha, Dubai, Jeddah, wote wanamcheka Mafi wa Malindi! Walikuta ukurasa wetu wa mwaka juzi, jina la Laban lipo, tarehe ipo, stori ya bakala na gunia la mchele ipo. Wimbo wa Trevo ukaanza kuondolewa mtandaoni.

Trevo akanipigia. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Siste, walai mi sikuiba. Niliuziwa na mwenyewe. Aliniambia ni yeye ameimba, ila hataki mambo ya umaarufu."

"Mwenyewe nani?"

"Japheth."

Nilikaa chini palepale, kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki.

Japheth! Aliyekuwa ananipigia kila wiki kuniuliza kama nimekula!

"Shem," nilimwambia nilipompata, "uliniambia simu haikufika."

Akaanza kuniuliza kama nimekula.

"Japheth!"

"Sasa wewe ni nani kwa Laban?" Alibadilika sauti kabisa. "Ulitolewa mahari? Blogu si ndoa, madam. Nyimbo za marehemu ni za familia. Jipe shughuli."

Akakata.

Nililia, na nawaambia ukweli, iliniuma zaidi kwa sababu si yote aliyosema yalikuwa uongo. Kanisani kuna muumini aliyesomea sheria, nikamfuata. Akaniambia blogu inathibitisha mtunzi ni Laban, lakini mimi hainipi chochote. Laban hakuwa na mke wala mtoto, na baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye haki ya kuudai wimbo ni mama yake. Akinyamaza yeye, Japheth atauza hata zile nyingine zilizobaki kwenye simu, na jina la Laban litafutika kabisa.

Nikampigia Mama kule Butere.

"Mama, ni Millicent. Kuna wimbo..."

"Umeusikia na wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu mwezi jana namsikia mwanangu kwenye redio ya jirani," akasema polepole. "Nikimwambia Japheth, ananiambia nimechanganyikiwa na huzuni. Jana ameniletea dawa za usingizi. Millicent, mimi ni mwendawazimu?"

Mungu wangu! Alimuuza ndugu yake, kisha akamfanya mama yake ajione kichaa!

"Hapana, Mama. Ni yeye. Ni Laban wako."

Akalia kilio ambacho sitaki kukielezea.

Mama alikwenda mwenyewe Nairobi na mchungaji wake. Leo nyimbo zote za Laban zimesajiliwa, zina jina lake kama mtunzi, na Mama ndiye mrithi. Trevo alimwomba Mama msamaha, akasamehewa. Japheth bado hajarudi kuomba.

Ninyi mnaotunga, nisikieni. Kuweka jina na tarehe ni vizuri, lakini haitoshi. Sajili wimbo wako ukiwa hai. Na kama kuna mtu mnafanya naye kazi, andikianeni nani ana sehemu gani, mkiwa bado mnapendana na kucheka. Mimi na Laban tulidhani muda upo.

Nimalizie na hili, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Siku ile, kabla Mama hajakata simu, aliniuliza:

"Mwanangu, hilo neno analorudia... mafi. Anasema mafi Laban, mafi Laban. Ni nini?"

Mimi ndiye niliyetangazia Nairobi nzima maana ya mafi. Lakini mbele ya mama yule ulimi ulikuwa mzito.

"Ni Kiarabu, Mama."

"Maana yake?"

"Maana yake... Laban yupo."

"Nilijua," akasema.

Basi ninyi mnaojua lugha ya huku, nawaomba sana. Mkifika Butere, mkamkuta Mama ameketi anausikiliza wimbo wake, msimsahihishe.