Karata Tatu Kutoka Kabatini

Saa moja na robo asubuhi Bi Karata alinyanyua kikombe chake cha chai, akamkuta Ibilisi amelala kwenye kisahani.

Ilikuwa karata ya tatu. Wiki tatu nyuma alikuta Kifo juu ya mto wake. Wiki iliyofuata, Mnara ndani ya kiatu. Zote zilitoka kwenye kabati lake la taroti, karata za kutabiria, lenye seti thelathini na moja, na iliyo kuukuu kuliko zote ilichorwa kwa mkono, urithi wa marehemu mama yake. Tangu siku ya Kifo hakuthubutu kulifungua. Usingizi ulimpaa, chakula hakikupita kooni. Leo alikata shauri: saa sita mchana angezichoma zote kabla hazijammaliza.

"Usichome, dada," alimsihi mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye. "Nipe mimi, nizipeleke mbali na wewe."

Lakini Bi Karata alikwisha kupiga simu polisi. Saa tatu Koplo aliingia na daftari lake. Alipoambiwa ni karata za kutabiria, akatia mikono mifukoni. "Mimi nitauliza tu," alisema. "Kushika mtashika wenyewe."

Alianza na kaka yao, aliyeishi nao humo na kuzichukia karata tangu utotoni.

"Mimi niuguse uchafu ule?" kaka alifoka. "Ningetaka kuzitupa ningezitupa mchana kweupe, na yeye anaona!"

Mama wa usafi naye alikana. "Afande, kabati lile nalifuta kwa nje tu, tena macho nimefumba."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye kopo la sukari. Hata paka anajua."

Koplo akaguna. "Basi lifunguliwe."

Bi Karata alileta ufunguo, ukamponyoka mara mbili. Ndani, kila seti ilikuwa na boksi lake, imefungwa kwa kitambaa cha pamba, na pembeni kipakiti cha punje za kunyonya unyevu, kama vile vya kwenye maboksi ya viatu.

"Punje kavu ni za bluu," alieleza. "Zikishiba unyevu zinageuka pinki. Kila mwanzo wa mwezi nazikausha kwenye kikaango, moto mdogo mdogo."

"Na mwezi huu?"

"Nimethubutu wapi? Na mvua hii ya wiki tatu!"

Alifungua boksi la kwanza: pinki. La pili: pinki. Walipomaliza, ishirini na nane yalikuwa na punje za pinki. Matatu yalikuwa na punje za bluu, na ni yale yale yaliyotolewa Kifo, Mnara na Ibilisi. Koplo alisahau woga wake, akainama hadi pua ikakaribia kugusa.

"Anayezichukia karata hawezi kuzikaushia unyevu," alisema taratibu. "Na anayeziogopa hakai hapa kuzikunjia kitambaa pembe kwa pembe. Bi Karata, nani mwingine anaijua kazi ya kikaango?"

Wiki tatu Bi Karata aliogopa kitu kisichoonekana. Sasa alijua, na akatamani asingejua.

"Mama yetu alitufundisha wawili," alisema.

Kaka yao akageuka kumtazama mdogo wao, aliyekuwa amejiinamia kitini.

"Miaka minane aliyougua, mimi ndiye nilikuwa natunza karata zake!" mdogo mtu alilipuka. "Wewe ulikuja siku ya mazishi, ukakabidhiwa. Nilikuomba seti ya mama tu, moja, ukaninyima. Nikasema nikikutisha nazo utazichoka, unipe. Sikujua utataka kuzichoma."

"Na vipakiti?" Koplo aliuliza.

"Nilipofungua nikakuta vimelowa. Karata zingeota ukungu. Sikuweza kuziacha vile."

Koplo alifunga daftari, akamtazama mwenye nyumba: kesi ilikuwa yake, kuifungua au kuiacha. Bi Karata hakumtazama. Alimsogelea mdogo wake.

"Karata zilipata unyevu ukazionea huruma," alisema. "Mimi nilikuwa nalia chumba cha pili, wiki tatu, na ulikuwa unanisikia."