Nakala Iliyokwenda Upande

Duka la fotokopi la Lukito lilitazamana na mahakama ya dini pale Semarang, Indonesia, na Jumatatu halikuwa na pa kuweka mguu. Ndimo alimoingia Wening, mwalimu wa chekechea, mtandio wa kijani, jasho puani, hukumu yake ya talaka ameikumbatia kifuani. Nakala ya kwanza ikatoka imekwenda upande.

"Hiyo mbovu nipe, Mas," alisema, akimwita kaka kwa Kijawa.

"Niachie tu, Mbak, dada yangu, nitaitupa mwenyewe. Hapa siri ya mteja haitoki."

Aliitupa, ndiyo. Aliitupa kwenye boksi la karatasi chakavu, na boksi likijaa humuuzia kwa kilo Bu Tarmi, mama wa vitafunio, afungie ndizi na tempe za soya za kukaanga. Maduka yote ya mtaa ule yalifanya hivyo. Nani alijali?

Miezi mitatu baadaye Lukito na Wening walipendana hadi wapita njia wakawaonea haya. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje na wewe hujanipigia?" Upuuzi mtupu, lakini mtamu.

Kisha siku moja, saa ya chai shuleni, mwalimu mwenza wa Wening akamaliza ndizi yake, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti: mume anaomba talaka kwa kuwa mke hakumzalia mtoto. Jina la Wening juu, kamili, na anwani yake. Wening akamnyang'anya.

Wening alifika dukani na karatasi inayovuja mafuta. "Mas, niambie haikutoka kwako."

Lukito aliuona mstari mweusi pembeni. Ni mashine yake peke yake iliyoacha mstari ule. Mdomo ukamponza.

"Maduka ya fotokopi hapa yako manne, kipenzi. Huenda..."

"Basi nisamehe," Wening alisema, machozi yakimtoka. "Nimekushuku bure."

Loo! Kuombwa radhi na mtu uliyemvua nguo mbele za watu! Asubuhi yake Lukito akampigia simu.

"Wening, karatasi ile ilitoka kwangu. Jana nilijua, nikakudanganya macho makavu."

"Karatasi ningekusamehe. Lakini uliniacha nikakuomba radhi, Lukito!" Hakumwita Mas. Simu ikakatika.

Lukito akakimbilia kwa Bu Tarmi kununua upya karatasi zake. "Chukua hizi zilizobaki," mama yule alimcheka. "Zingine zimeshaliwa na mji mzima." Tangu siku hiyo akaweka ndoo ya maji mlangoni, na kila nakala mbovu akaichana na kuiloweka mbele ya mwenyewe. Majirani wakamwita Mfua Karatasi. Aliona haya, akaendelea.

Siku ya arobaini tangu simu ile Wening akaingia, akaitazama ndoo. Mtandio uleule, hukumu ileile.

"Nakala mbili."

"Za... za nini tena?"

"Ofisi ya ndoa hawamwozeshi mtalaka bila hizi. Na kitambulisho cha bwana harusi kinatakiwa. Unacho, au umeshafungia ndizi?"

Lukito aliiweka karatasi kwa pupa, nakala ikatoka imekwenda upande. Akanyoosha mkono aichane.

"Lete hapa." Wening aliichana mwenyewe vipande vipande, akaizamisha ndooni kwa vidole vyake. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Nastahili."

"Haya, toa nyingine, Mas. Na safari hii inyooshe."