Singo ya Bi Mwanamize

Mtambuzi, mtambo wa kutambua plastiki, alikunywa ndoo nzima ya maji ya bahari, akanguruma kidogo, kisha akaanza kutaja majina. Kila punje ya plastiki, hata isiyoonekana kwa macho, aliimulika, akaipima na kuilinganisha na alama zilizomo kwenye hazina yake. "Dawa ya meno, mwaka 2041. Sabuni ya uso, 2047." Watu waliojaa soko la samaki la Mombasa walicheka kila kiwanda kilipoumbuliwa.

Daktari Salha Bwanaheri, aliyemuunda, hakucheka. Alijua kinachofuata.

"Punje nne katika kila kumi: asili haijulikani," Mtambuzi akasema.

Shangazi yake Salha, Bi Mwanamize, alikuwa amekalishwa mbele kwa heshima. Kwa miaka arobaini alikuwa somo, kungwi wa maharusi, akiwasugua kwa singo ambayo mwanzoni aliitwanga mwenyewe: mchele, karafuu, liwa na mawaridi. Akainuka taratibu, akachota mashapo kwenye sahani ya mtambo, akayasugua kwa kidole gumba. Akasita. Akamtazama Salha.

"Bi Mwanamize, unazijua?" mwandishi wa habari akamuuliza.

"Sizijui, mwanangu. Vidole vimezeeka."

Salha aliona aibu. Mwanamke huyu hakuwa mtu wa uongo, na sasa kausema mbele ya kadamnasi ili amsitiri yeye. Miaka ishirini nyuma, akiwa mkemia kijana wa kiwandani, Salha ndiye aliyeitia singo ile kwenye tyubu. Mchele ulivunda, plastiki haikuvunda. Akabadilisha, asimwambie mtu, na tyubu ikabeba jina la shangazi yake, naye akaacha kutwanga, akawasugua maharusi kwa hiyo ya tyubu. Alipomuunda Mtambuzi, alama moja tu aliiacha nje ya hazina, kwa makusudi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapa sokoni.

Akaiingiza alama ile.

"Punje nne katika kila kumi," Mtambuzi akarudia, kwa sauti ya kufika hadi gatini. "Singo ya Bi Mwanamize."

Macho yote yakahamia kwa yule mzee.

"Jina ni lake," Salha akasema. "Punje ni zangu. Yeye hakujua."

Bi Mwanamize alikuwa bado anapangusa vidole kwenye leso yake, tena na tena.

"Maharusi wangapi, Salha," akasema polepole. "Uliniambia ni mchele."